Vakyumu Nyekundu Iliyovaa Kitambaa

Ndanu mwanangu,

Ya gesi, ya maji, ya kufuli na ya majirani wa ploti unakopanga, baba yako ameshakueleza wiki nzima, na nimekuona ukiitikia "sawa Dad" huku ukiendelea kukunja nguo zako. Sina la kuongeza hapo. Mtoto aliyebeba ufunguo wa nyumba hii shingoni tangu darasa la pili hafundishwi kufunga mlango.

Mimi nakuandikia kuhusu vakyumu.

Cheka kwanza. Mama gani huyu, mtoto anahama kesho asubuhi kwenda kuanza maisha yake Njiru, naye amekalia meza ya cherehani anaandika habari za mashine ya kufyonza vumbi? Lakini ukimaliza kucheka utanyamaza, kwa sababu unajua kwamba katika nyumba hii yetu ya Mbotela neno hilo halitamkwi ovyo. Wiki iliyopita ulisimama hapa mlangoni ukaniambia, "Mum, si twende Eastleigh Jumamosi unisaidie kuchagua vakyumu. Ile ya kusimama. Hao watu wa ploti wamekataa nitoe kapeti yao, wameigundisha na gamu." Nikakujibu kwamba nina mapazia ya mteja sijamaliza. Mapazia yalikuwa yamekwisha, yamekunjwa, yako ndani ya mfuko chini ya meza, na uliyaona. Ulisema tu, "Ni sawa, nitaenda siku ingine nikishahama." Ukatoka, nikabaki nimeshika mkasi na sina cha kukata.

Nilikudanganya kwa sababu niliona haya. Ningesimamaje dukani nikuchagulie mashine hiyo, mimi, baada ya yale yaliyotokea?

Acha nianze na zulia, maana ndilo lililotangulia. Lile zulia la manyoya, la rangi ya kahawia, nililipata kwa mama mmoja aliyekuwa akirudi kwao mashambani. Lilikuwa kubwa kuliko chumba chetu. Nyumba hizi za kanjo, za baraza la jiji, hazikujengwa kwa ajili ya mazulia. Baba yako alisema tulikate, nikamwambia hakuna mtu hukata kitu kizuri. Tukalikunja ukingoni pande zote, tukaficha mikunjo chini ya viti, na humo ndani vumbi likapata nyumba yake lenyewe. Juu ya viti nikatandaza vitambaa nilivyofuma kwa mkono. Televisheni ikavaa kitambaa, redio ikavaa kitambaa, hata friji. Baba yako alikuwa akisema anaogopa kuketi kwa muda mrefu asije naye akavishwa.

Kushona na kufuma ndiyo ilikuwa kazi yangu, na chumba cha mbele ndicho kilichokuwa duka langu. Mteja akija kuulizia mapazia nilimwingiza, nikamkalisha, naye akitazama huku na huku alisema, "Nishonee kama haya." Sijitetei. Nakueleza tu nilivyokuwa nikiona. Niliitazama nyumba ile kwa macho ya mtu anayeingia kutoka nje, na wewe ndiye uliyekuwa ukiishi ndani yake.

Kila Jumamosi ulipiga magoti na brashi ya mkono, ukalisugua zulia kuanzia dirishani mpaka mlangoni. Vumbi lilipanda, likaonekana wazi pale jua linapoingilia, nami nikafurahi kwamba linatoka. Sikujiuliza linakwenda wapi. Jioni kifua chako kilianza kulia kama filimbi, nami nikakugombeza: umevua sweta, umekula barafu njiani, umecheza na maji kwenye mfereji. Siku moja nilikuchapa kwa sababu ya hilo sweta. Nilipokuvua koti ili nikuchue kifua nikaliona, ulikuwa umelivaa ndani. Sikukwambia pole. Niliendelea kukuchua kana kwamba sijaona kitu, nawe hukunionyesha.

Pole, Ndanu. Imechelewa, lakini ni yako.

Sasa ile vakyumu. Tuliifuata Eastleigh mimi na wewe, ulikuwa darasa la sita. Nilikuwa nimeiona nyumbani kwa mteja mmoja wa mtaa wa wenye nazo, imesimama pembeni wima kama askari, nikaitamani mpaka nikakosa kusikia mteja alitaka mapazia ya rangi gani. Yule kijana wa dukani alitutoa jasho kwa maneno. "Mathe, hii si mchezo, hii imetoka ng'ambo. Hii inavuta mpaka dhambi." Nilicheka, na muuzaji akishakuchekesha amekuuzia. Alipoiwasha ilinguruma mpaka watu wakageuka, nami nikajua hiyo ndiyo yenye nguvu. Basi hivyo ndivyo nilivyochagua: ilikuwa nyekundu na ilikuwa na kelele. Sikumwambia aifungue nione ndani. Sikuuliza vumbi likiingia linashikwa na nini. Kando yake kulikuwa na nyingine ya kijivu, imechubuka kidogo, yenye mfuko ndani yake, nikaipita kama ninavyopita kitambaa kilichopauka.

Wewe ulinivuta mkono. "Mum, hii ndiyo itakuwa inafagia badala yangu?"

Nikakujibu, "Ndiyo, mami. Magoti yako yamepona."

Ulibeba bomba lake mwenyewe njia nzima hadi nyumbani, hukukubali nikusaidie.

Halafu nikafanya jambo ambalo nadhani ni mwanamke wa huku kwetu tu angelifanya. Niliipangusa, nikaisimamisha pembeni ya kabati ambapo mtu akifungua mlango anaiona kwanza, nikakaa jioni mbili nikaifumia kitambaa. Cheupe, chenye maua ukingoni, na tundu la kupitishia mpini. Jirani alipochungulia akasema, "Mama Ndanu, umeomoka, umekuwa tajiri!" na mimi nikajifanya sijasikia ili aseme tena. Ulipouliza tutaiwasha lini nikasema inakula stima. Ulipouliza tena nikasema itaharibika, ni ya siku za wageni. Na siku za wageni nikasema isichafuke, wageni wako njiani. Kwa hiyo kila Jumamosi uliendelea na brashi ile ile, na juu ya hayo nikakuongezea kazi ya kuipangusa vumbi hiyo mashine. Fikiria hilo. Mtoto wa kifua anapangusa vumbi kwenye mashine ya kutoa vumbi, na mama yake anamwambia asisahau nyuma.

Baba yako aliniuliza mara moja tu, "Kwani hii kitu si ya kufanya kazi?" Nikamwambia mambo ya nyumba aniachie mimi. Yeye dereva na usukani wake, mimi na nyumba yangu. Hilo nalo nalijutia, kwa sababu baba yako ni mtu wa maneno machache, na ukimfungia mlango mara moja habishi tena.

Ya ile siku ya jumuiya sitaki kuyarudia, na ndiyo sababu lazima niyarudie. Hatujawahi kuyazungumza, mimi na wewe. Tumeyazunguka miaka yote hii kama watu wanaozunguka shimo la barabarani wanalolijua.

Ilikuwa zamu yetu kuwapokea akina mama wa jumuiya ya kanisa kwa sala. Ulifagia tangu asubuhi, na safari hii tulivuta viti, tukakunjua mikunjo ya zulia ambayo haikuwa imekunjuliwa tangu lije. Ulinijia jikoni nikipanga vikombe ukasema, "Mum, kifua kinaniuma. Leo naweza kutumia ile mashine?" Nikakwambia watu wako mlangoni, usinitolee kile kitambaa, maliza na uoge. Ulimaliza. Walipoingia ulikuwa tayari unavuta pumzi kwa mabega. Nilikupeleka chumbani, nikakukalisha kitandani juu ya makoti ya wageni, nikakwambia, "Kohoa polepole, tunasali." Nikafunga mlango.

Mimi ndiye niliyeufunga, Ndanu. Si upepo. Tulisali, tukaimba, tukasifiwa nyumba, nikasikia ukikohoa nikapandisha sauti ya wimbo. Halafu nikasikia umenyamaza, nikashukuru.

Mama Njeri, mmoja wao, ndiye aliyeingia kuchukua koti lake, alikuwa anawahi kufungua kibanda. Alitoka amekubeba, miguu yako inaning'inia, midomo imekuwa rangi ya majivu. "Mama Ndanu! Mtoto hapumui, na wewe unaimba!" Alikimbia nawe hadi barabarani bila viatu, mimi nyuma yake. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwangu mwenyeji alikuwa wewe, na kweli mgeni ndiye aliyekuponya. Mimi nilikuwa nikimwandalia chai.

Pale kliniki wakakuvisha ile barakoa ya mvuke. Daktari akaniuliza pole pole, hakuwa mkali hata kidogo, "Mama, nyumbani kwenu mna kapeti? Nani hufagia?"

Mama Njeri alikuwa amesimama kando yangu, na mwingine wa jumuiya nyuma yake. Nikasema, "Hatuna kapeti, daktari. Kwetu ni simiti tu."

Ulifumbua macho ukanitazama juu ya ile barakoa. Mama Njeri akaangalia chini. Daktari akaandika alichoambiwa, akatupa inhela, akatueleza mambo ya baridi na moshi, kwa sababu habari za zulia hakuwa nazo. Niliogopa kuonekana mama aliyemuumiza mtoto wake, na kwa hofu hiyo nikakurudisha kwenye zulia lile lile. Kulitoa kungekuwa ni kukiri mbele ya mtaa mzima. Likakaa. Nilichobadilisha ni kwamba nilianza kufagia mimi, nawe ukawa unakaa nje kwenye ngazi mpaka vumbi litulie. Nilijiambia hiyo inatosha.

Ulipoenda shule ya bweni nikaliuza. Ulirudi likizo ukakuta simiti iliyopakwa nta nyekundu, ukavua viatu, ukakanyaga, ukanyamaza. Nami nikanyamaza. Ningekwambia wakati ule ingekuwa rahisi zaidi kuliko sasa.

Lakini jambo linalonikosesha usingizi si zulia, wala si mlango. Ni kwamba tangu siku ile hukuniambia tena unapobanwa. Hata mara moja. Shule ndiyo iliyotupigia simu kutuambia umelazwa zahanati siku tatu, na ulipoulizwa kwa nini hukutaka nyumbani wajulishwe ulisema, "Mum ana kazi nyingi." Hapa nyumbani ulijifunza kukohoa ndani ya mto. Nilikuwa nikisikia. Nilikuwa nikisimama nje ya pazia la chumba chako nikisikia, na sikuingia, kwa sababu niliona kama sina haki. Mficha maradhi kifo humuumbua, tunasema hivyo kila siku kuhusu watu wengine. Na mimi nilimfundisha mwanangu kuyaficha.

Mwezi uliopita ulipopata nyumba nilifurahi, nikafikiri nimepata njia. Nikaisafisha ile vakyumu nyekundu, nikafua na kitambaa chake, nikakwambia ni yako, uende nayo. Ulisema, "Asante Mum, lakini nitajinunulia." Niliumia. Nilimwendea baba yako nikamwambia mtoto amepata kazi ya ofisi sasa ana maringo. Baba yako aliinuka. Aliichukua ile mashine, akaichomeka, akatoa leso yake nyeupe mfukoni, ile ya kwendea kanisani, akaishika pale nyuma hewa inapotokea. Akaendesha mashine kwenye kijizulia cha mlangoni mara chache. Aliponipa leso ilikuwa ya kijivu.

"Inameza mbele, inatema nyuma," akasema. "Na laini, kama moshi. Hii ingemmaliza."

Tukaifungua. Lile sponji la kuchujia lilikuwa limekwisha zamani, likavunjika mikononi mwetu kama mkate mkavu. Pengine lilikuwa hivyo tangu dukani. Sijui kama unaelewa kilichonipata hapo, Ndanu. Miaka yote nilikuwa na faraja moja mbovu: kwamba kosa langu lilikuwa kutoitumia. Kwamba kama ningeiwasha tu, ungepona. Kumbe hata kuichagua niliichagua vibaya. Kumbe kile kitambaa kilikukinga na mashine yenyewe. Nilicheka, baba yako akashangaa, halafu nikaanza kulia, na hapo hakushangaa tena.

Basi juzi Jumatano nilifunga kazi nikaenda Eastleigh peke yangu. Uliponiona nikitoka na mfuko ukaniuliza nimebeba nini, nikasema vitambaa vya mteja. Huo uongo ulikuwa nusu. Nilibeba kitambaa kimoja cheupe, na unga wa ugali kidogo kwenye karatasi.

Niliingia duka baada ya duka. Nilikuwa namwambia muuzaji achomeke, namwaga unga kwenye kipande cha zulia, nausugua kwa kiatu uzame, halafu namwambia apitishe mashine. Mmoja akaniambia, "Mathe, umekuja kupika ama kununua?" Nikamwambia nimekuja kuona. Nyingi zinameza unga ulio juu na kuuacha wa chini, na vumbi la chini ndilo linalokuumiza. Zile zenye brashi ya kuzunguka mdomoni ndizo zinazochimba. Kwa zulia lililogundishwa kama hilo lako huna budi kutafuta hiyo brashi, na uigeuze uitazame kabla hujalipa, maana nyingine za mtumba zimejaa nywele na nyuzi mpaka brashi haizunguki, na mkanda wake umeungua. Utausikia kwa harufu.

Kisha kile kitambaa. Nilikishika kule hewa inapotokea, kila mashine, mbele ya mwenye duka. Waliona kama nina wazimu. Mashine mpya yenye mng'ao ilinipa doa la kijivu, na nzee moja iliyochubuka ikakirudisha kitambaa cheupe kama nilivyokitoa nyumbani. Sauti haimaanishi kitu, nimeisikia ya kelele ambayo haikuweza kuvuta nywele. Na zile za kopo la kuonyesha vumbi ndani, zinapendeza macho, lakini ukishajaza kopo lazima ulimwage, na ukilimwaga vumbi linakurudia usoni. Kwa kifua chako nilipenda zaidi za mfuko, unaoufunga na kuutupa mzima mzima. Uliza kama mifuko yake inapatikana hapa Nairobi, ama utabaki na gari lisilo na mafuta.

Lingine nililojifunza kwa kuinama: mdomo wake uwe mwembamba upite chini ya kitanda. Nilimwambia dada wa duka aniwekee stuli tujifanye ni kitanda, na nyingi ziligonga stuli zikasimama. Watu huchagua mashine kwa katikati ya chumba, pale wageni wanapoona. Mimi ndiye wa kukuambia habari za chini ya viti.

Huyo dada ndiye niliyempenda. Msichana mpole wa mtandio, duka lake liko orofa ya pili, nitakuelekeza. Hakunicheka na unga wangu, alifagia tu. Tulipofika kwenye moja ya kijani, ya mfuko, iliyopita majaribio yote, nikasema basi nifungie hiyo. Akaniuliza, "Ni ya nani?" Nikasema ya binti yangu, ana pumu. Akaniambia, "Na yeye mwenyewe yuko wapi? Hii ya kusimama inapimwa na mkono wa mwenyewe. Wewe ni mfupi. Yeye je? Akishikwa na kifua ataweza kuisukuma?"

Nilisimama pale na kitambaa changu nikaona nilikuwa karibu kurudia. Ningeileta nyumbani, ningekusimamishia kesho mlangoni na utepe juu yake, nawe ungesema asante, ungebeba mashine nyingine niliyoipenda mimi. Kwa hiyo sikuinunua. Nilimwomba tu aiweke kando mpaka uje kuishika. Ukiiona nzito, iache. Ukipenda nyingine, chukua hiyo. Ukitaka kwenda na rafiki zako badala yangu, nenda nao, sitauliza. Lakini ukitaka niende nawe, sina mapazia Jumamosi ya wiki ijayo. Nitakushikia mkoba na nitanyamaza.

Kuna jambo lingine. Akina mama wa jumuiya wamepanga kuja Njiru kukusalia nyumba yako mpya. Unajua desturi, watakuja wengi, na viatu vyao, na marashi, na leso zilizokaa kabatini, na watakaa mpaka jioni, na utaona haya kuwaambia lolote. Jana baada ya sala niliwazuia wasiondoke. Niliwaambia kwamba kwako tutavua viatu nje, hatutajipaka marashi, na ukisema hapana basi ni hapana, tutakusalia kutoka huku. Mmoja akaguna, akasema siku hizi vijana hawataki maombi. Nikawaambia si kijana. Ni mimi. Nikawaeleza kwamba siku ile ulikuwa umefungiwa chumbani, na kwamba pale kliniki nilisema hatuna zulia, wakati wao wenyewe walikuwa wametoka kuliketia. Nilisimama pale kwenye uzio wa kanisa nikayasema, mimi mwanamke wa umri huu.

Mama Njeri akanishika kiwiko akasema, "Tulijua, Mama Ndanu. Tulikuwa tunangoja." Nilidhani aibu itaniua. Nilirudi nyumbani nikala wali sahani mbili.

Sikwambii haya ili unisamehe kabla gari halijafika asubuhi. Msamaha si sanduku la kupakia kwa haraka. Kaa nao huo moyo wako kama ulivyo. Ukiwa na hasira, kuwa nazo, na ukitaka kuniambia kwa sauti kubwa, njoo uniambie, nitafunga mashine ya kushona nisikilize. Kinachonitia hofu usiku wa leo ni kimoja tu. Njiru kuna vumbi, barabara za ndani bado ni udongo, na utakuwa peke yako na zulia la wenyewe. Siku moja kifua kitakubana. Na najua utafanya kile nilichokufunza: utachukua mto, utakohoa ndani yake, na hutamwamsha mtu yeyote.

Usifanye hivyo. Nakuomba kwa magoti, na haya magoti yangu ndiyo yalistahili brashi. Inhela iwe mahali mkono wako unafika gizani, jirani mmoja ajue hali yako kabla hata hujajua jina lake la pili, na kikikubana nipigie. Wakati wowote. Nikiwa na mteja, nikiwa kanisani, nikiwa nimelala. Baba yako amesema gari lake litalala na mafuta.

Na kama hutaweza kuongea, usijilazimishe. Piga tu simu, uiweke karibu na mdomo. Hiyo pumzi yako naijua, niliisikiliza miaka mingi nyuma ya pazia bila kuingia. Nitaisikia, na safari hii nitakuja.

Mama yako.